Daftari la Afande: pesa za mbio zilivyogeuka ghala la kahawa Kapchorwa

Wakitajwa wakimbiaji wa Sebei, eneo la Kapchorwa mashariki mwa Uganda, majina huja yenyewe: Boniface Kiprop aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Melbourne mwaka 2006, Moses Kipsiro aliyezoa mbili Delhi mwaka 2010, Stephen Kiprotich na marathoni ya London mwaka 2012, kisha Joshua Cheptegei, Jacob Kiplimo na Peruth Chemutai. Marehemu tunayemkumbuka hapa hakuwamo katika orodha hiyo. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la pili, wa kumaliza wa tatu au wa sita katika mbio za barabarani za miji midogo ya Ujerumani, Uholanzi na Italia, na aliishi kwa miguu yake karibu miaka kumi bila kupanda jukwaa la michezo mikubwa. Mshipa wa kisigino ulipomkataa kabisa, alirudi Kapchorwa akaanza kununua na kuuza kahawa, na ghala aliloliacha linafanya kazi mpaka leo.

Familia imeomba jina lisiandikwe. Sokoni aliitwa Afande, kwa kuwa alikimbia chini ya kikosi chenye sare kama wengi wa rika lake, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini: kifupi, cha amri, hakina mapambo. Juu ya mlango wa ghala aliandika kwa rangi nyekundu methali ambayo kila mwenye duka huijua na wachache huifuata: Mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wanaorudi na zawadi zao za kwanza hutuuliza sisi tuliopima kahawa kwenye mizani yake alifanyaje, na wengi hutarajia siri ya kahawa. Kahawa ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni hesabu.

Alikuwa na daftari tangu enzi za mazoezi. Kila siku aliandika kilomita, muda, hali ya hewa, usingizi na maumivu. Mbio zilipoanza kulipa, aliongeza kurasa za nyuma za pesa, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo wenzake wengi walilijua wakiwa wamechelewa: zawadi inayotangazwa si pesa utakayoishika.

Chukua mbio za Ujerumani zenye zawadi ya yuro 5,000 kwa nafasi uliyopata. Kodi ya mwanamichezo mgeni hukatwa palepale na mwandaaji: asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla asilimia 15.825, yaani yuro 791.25. Meneja huchukua asilimia 15 ya zawadi nzima, si ya kilichobaki baada ya kodi: yuro 750. Kama tiketi na viza zililipwa na meneja kwanza, naye atazikata kwenye zawadi. Weka yuro 900. Imebaki 2,558.75. Tuseme yuro moja ni shilingi 4,000: ni kama milioni 10 na laki mbili. Nyumbani watu wamesikia yuro 5,000, wamezidisha kwa kichwa, na tayari wamegawana milioni 20 ambazo hazipo. Ugomvi mwingi wa wakimbiaji na ndugu zao unaanzia kwenye tofauti hiyo, wala haina mwizi ndani yake.

Halafu kuna suala la muda. Mbio nyingi hazilipi mpaka majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku yatoke, na hilo huchukua wiki au miezi. Afande aliweka sharti moja alilolishika mpaka mwisho: pesa ambayo haijaingia benki haiandikwi upande wa mapato. Alikuwa na ukurasa wake peke yake, wenye kichwa “Njiani”. Wenzake waliokopa ng'ombe au mabati kwa ahadi ya zawadi iliyoko njiani walilipa riba ya miezi mitatu juu ya pesa iliyokuwa imepungua nusu.

Alipenda kumtaja John Akii-Bua, na si kwa kumsikitikia. Akii-Bua alivunja rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, sekunde 47.82, akiwa njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo hakuna anayeitaka. Zama zile riadha ilikuwa ya ridhaa. Mshindi hakulipwa zawadi ya pesa. Alibaki askari polisi, vita vya 1979 vikamkimbiza, kampuni ya viatu ya Puma ikampa kazi Ujerumani, kisha akarudi polisi Kampala hadi kifo chake Juni 1997. Agosti ya mwaka huohuo, Athens, mashindano ya dunia ya riadha yalianza kutoa zawadi za pesa kwa mara ya kwanza, na Davis Kamoga wetu akashika nafasi ya pili katika mita 400. Afande aliwaambia vijana kwamba waliozaliwa baada ya Athens wana bahati ambayo Akii-Bua hakuipata, na hivyo hawana kisingizio. Maneno makali, lakini alikuwa na haki ya kuyasema.

Sare nayo aliihesabu kama mali. Mkimbiaji aliye kwenye timu ya polisi, magereza au jeshi ana mshahara mdogo, lakini unakuja kila mwezi, na mara nyingi ana pa kulala. Alichofanya ni kuishi kwa mshahara peke yake, chakula, ada za shule na viatu vya mazoezi vikiwemo, na kuiacha pesa ya mbio nzima. Kijana anayeacha kazi ya sare mara tu anapopata mkataba wa viatu hujiona amekuwa huru. Mkataba ule huwa na vifungu vya kupunguza malipo usipotimiza idadi ya mbio au muda uliokubaliwa, na kisigino hakisomi mkataba.

Ardhi alinunua kabla ya nyumba. Sebei sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila, haina hati, kwa hiyo kwenda ofisi ya ardhi ya kanda Mbale kutafuta jina la mwenye shamba hakukusaidii ila kwa viwanja vichache vya mjini vyenye hati. Njia aliyoifuata ni hii. Kwanza utembee mpaka wote kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne, si na muuzaji pekee. Pili, mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na watie saini mke au wake wa muuzaji na watoto wake watu wazima. Sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kwa ardhi ya familia, na mkataba usio na saini hiyo unaweza kuvunjwa mahakamani hata kama ulilipa senti ya mwisho. Tatu, wazee wa ukoo wajue. Nne, malipo yapite benki, na risiti ibandikwe kwenye mkataba. Tano, mpimaji aitwe mapema kabla kumbukumbu za majirani hazijabadilika. Ukinunua chenye hati, kumbuka ushuru wa stempu asilimia 1.5 ya thamani. Wengi huusahau kisha uhamisho unalala miaka.

Nyumba za kupangisha alijenga vyumba vinne tu, na hakuwahi kuzisifia. Hesabu yake ilikuwa wazi. Vyumba vinne kwa shilingi 100,000 kwa mwezi ni milioni 4 na laki nane kwa mwaka kama hakuna hata kimoja kilichokaa wazi. Kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama: hapo ni 237,600. Toa choo kilichojaa, bati lililong'oka na mpangaji aliyehama usiku. Pesa ya kujengea vyumba vile ingezungushwa kwenye kahawa msimu mmoja ingeleta zaidi, isipokuwa kahawa inaweza kukuangusha na chumba hakianguki. Kwa hiyo alivihesabu kama pesa ya chakula cha siku atakapozeeka, basi.

Sasa kahawa yenyewe.

Mlima Elgon ni nchi ya arabika, na wazee wa huku bado wanasimulia Chepkube, wakati baridi kali ya Brazili ya mwaka 1975 ilipopandisha bei na kahawa ya Uganda ikavuka kwenda Kenya kwa magendo usiku, juu ya migongo ya punda. Punda wapo bado, wanashusha magunia kutoka vijiji ambavyo gari halifiki mvua ikinyesha. Msimu mkuu huanza karibu Agosti na kuisha Januari au Februari. Wakulima wengi humenya nyumbani kwa mashine ya mkono, huvundika, huosha, hukausha, kisha huuza pachimenti, yaani kahawa iliyokauka ikiwa bado ndani ya kigozi chake. Kilo 100 za kahawa mbivu hutoa kama kilo 20 za pachimenti kavu, na kilo 100 za pachimenti zikikobolewa vizuri hutoa kilo 80 za kahawa safi. Namba hizo mbili ndizo biashara nzima. Asiyezijua anacheza kamari.

Adui wa kwanza wa mnunuzi ni maji. Pachimenti nzuri ina unyevu wa asilimia 11 hadi 12. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule ataileta ikiwa na 18 au 20, na kwa macho inafanana na kavu, hasa ikikaa juani asubuhi ile. Ukinunua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 ukazikausha hadi 12, zitabaki kilo 909. Kilo 91 zimeruka hewani. Kwa bei ya shilingi 12,000 hiyo ni zaidi ya milioni moja, wakati faida uliyotarajia kwa kilo hizo 1,000, kwa shilingi 400 kila kilo, ni laki nne tu. Wanunuzi wapya hufilisika hivyo huku wakiamini kuna mtu anawaibia ghalani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza alichonunua Afande kabla hata ya mizani ya pili kilikuwa kipima unyevu. Ukutani alibandika jedwali alilolikokotoa mwenyewe. Bei ya siku ikiwa 12,000 kwa unyevu wa asilimia 12, basi asilimia 14 hulipwa 11,730, asilimia 16 hulipwa 11,450, na asilimia 18 hulipwa 11,180. Zaidi ya 18 hakununua kwa bei yoyote. Alimwonyesha mkulima meza za kukaushia nyuma ya ghala akamwambia amwage pale bure, arudi baada ya siku tatu. Watu walidhani ni wema. Ulikuwa wema, na pia kahawa iliyokaushwa kwenye meza yake haikwenda kwa mnunuzi mwingine.

Jedwali lile lilimaliza mabishano kwa sababu lilikuwa wazi kwa kila anayeingia. Mkulima hakubishana na mtu, alibishana na kipimo, na kipimo kilipimwa mbele yake mara tatu: juu ya gunia, katikati na chini. Hapa ndipo bambo, kile chuma chenye ncha, lina kazi. Unalitumbukiza ubavuni mwa gunia hadi katikati, unatoa punje, unaziangalia. Gunia lenye kahawa kavu juu na mbichi katikati ni la kawaida. Lenye mawe au buni za msimu uliopita pia si ajabu. Kama huna kipima unyevu, vunja kigozi ung'ate punje: ikiacha alama ya jino bado ina maji, na rangi ya punje iliyokauka sawasawa ni kijani chenye ubluu-kijivu, haina weupe laini. Njia hiyo inatosha kukataa, haitoshi kupanga bei.

Adui wa pili ni kahawa nyepesi. Alichukua gramu 300 za pachimenti, akatoa vigozi kwa mkono, akapima kilichobaki kwa mizani ndogo ya jikoni. Gramu 240 ni sawa, asilimia 80. Zikiwa 225, kuna tatizo: ama mkulima hakuondoa zile zinazoelea kabla ya kumenya, ama mdudu anayetoboa buni ameshaingia, ama kahawa ilichumwa mbichi pamoja na mbivu. Kipimo hicho huchukua dakika kumi na wanunuzi wengi hawakifanyi kwa kuwa foleni ni ndefu. Kwa asilimia 5 za tofauti kwenye tani moja, umepoteza kilo 50 za kahawa safi. Harufu nayo: kahawa iliyovundikwa kupita kiasi hunuka siki au kitu kilichooza, na punje chache za namna hiyo huharibu ladha ya gunia zima. Kwenye mwinuko wetu usiku ni wa baridi, hivyo kuvundika huweza kufika saa 36 wakati huko chini Mbale saa 18 hutosha. Anayefuata saa ya jirani wa bondeni huosha kabla ulenda, yaani utelezi unaoshika punje, haujaachia, na pachimenti hukauka na madoa.

Mizani. Iwe na stika ya shirika la viwango la taifa, UNBS, ya mwaka unaoendelea, na iwe mahali ambapo mkulima anaisoma bila kuinama. Afande alikuwa na jiwe lake la kilo 20 lililopimwa, na kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza aliliweka juu ya mizani mbele ya waliopo. Ushindani wa wanunuzi wa huku mara nyingi hufanyika kwa bei ya juu iliyoandikwa ubaoni na mizani iliyolegezwa. Mkulima hupewa shilingi 200 zaidi kwa kilo na kuibiwa kilo tatu kwa gunia. Yeye ubao wake ulikuwa chini kidogo karibu kila siku, na foleni yake haikupungua.

Ghalani, magunia yalikaa juu ya mbao, kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, na nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta. Sakafu ya saruji hutoa unyevu usiku. Hakuna mafuta ya taa, rangi, mbolea wala vitunguu ndani ya jengo lile. Kahawa hunywa harufu ya jirani yake, na mwonjaji Kampala ataikuta. Aliyewahi kubeba mafuta ya dizeli kwenye gari hilohilo la kahawa anajua bei aliyopewa.

Lakini kilichomtofautisha zaidi ni namna alivyoitazama pesa ikitembea. Wengi huona kahawa kama kitu cha kuhifadhi mpaka bei ipande. Yeye alihesabu mizunguko. Tuseme mtaji ni milioni 20. Kwa 12,000 unanunua kama kilo 1,660. Baada ya kuwalipa wabebaji, mafuta na barabara mpaka wakoboaji wa Mbale, umebaki na faida halisi ya shilingi 250 kwa kilo: kama laki nne na elfu kumi na tano. Ni asilimia mbili, kiasi ambacho kijana aliyetoka Ulaya hukidharau. Sasa zungusha. Ukinunua na kuuza kila siku tano, msimu wa wiki 20 una mizunguko 28. Toa mvua, gari bovu, mnunuzi aliyechelewesha malipo, misiba, hesabu 18. Ni karibu milioni saba na nusu juu ya mtaji wa 20. Anayeficha kahawa ghalani kusubiri bei anahitaji bei ipande kwa zaidi ya asilimia 37 ndio amfikie, na usiku wote huo unyevu, panya na wezi ni wake.

Bei ya arabika huamuliwa New York, si Kapchorwa, na kumbukumbu ya karibu ina mafunzo ya pande zote mbili. Mei 2011 ilivuka dola 3 kwa ratili. Mwisho wa 2013 ilikuwa karibu dola 1.10. Waliojaza maghala mwaka 2011 kwa mkopo wa benki waliuza mashamba. Februari 2025 ilipita dola 4, na wanaosubiri kupanda kwa bei wakasema waliona mbali. Afande angewauliza wamesubiri miaka mingapi. Siku bei inaporuka ovyo, alifanya jambo lililoonekana la uoga: alinunua asubuhi tu kiasi ambacho tayari kina mnunuzi kwa simu, kwa bei iliyokubaliwa siku ileile, kisha akafunga mizani saa nane mchana.

Mikopo kwa wakulima ilikuwa sehemu ngumu. Kuna kawaida mbaya ya kununua kahawa ikiwa bado ua: unampa mtu laki mbili mwezi wa Aprili, Septemba anakuletea gunia lenye thamani mara tatu. Hakuifanya, na alisema wazi kwamba anayenunua ua huvuna adui. Mkulima aliyebanwa hivyo huleta kahawa nyepesi, yenye maji, au huiuza usiku kwa mwingine, na wewe huna pa kumshtaki. Badala yake alikopesha vitu viwili tu, turubai na ada ya shule iliyolipwa shuleni moja kwa moja, kwa kiwango kisichozidi thamani ya kilo 30 za pachimenti, kwa watu waliokwisha kumuuzia misimu miwili. Daftari ndilo lililomwambia ni nani: safu ya jina, tarehe, kilo, unyevu, uzito baada ya kukoboa, bei, na saini au dole gumba.

Ndugu nao walikuwa na ukurasa. Mwanzoni mwa kila msimu alitenga kiasi cha misiba, harusi na hospitali, akakiandika, na kikiisha aliwaonyesha ukurasa. Mama yake mkubwa alikasirika mwaka mzima. Baadaye alikuwa wa kwanza kuuliza “ukurasa wetu bado una kitu, mwanangu?” kabla ya kuomba.

Alipofariki, kwenye mazishi iliulizwa kama desturi: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye, wajitokeze. Hapo ndipo biashara nyingi za wanamichezo wa zamani hufia, kwa sababu wadai hujitokeza wote na wadaiwa hunyamaza. Mjane aliweka daftari mezani. Waliodai walikuwa kumi na wawili. Saba walikuwemo, watano hawakuwemo na hawakuendelea. Wadaiwa walisomwa majina faraghani, nyumbani kwa mwenyekiti, si mbele za watu, na karibu wote walilipa kwa kahawa msimu uliofuata.

Yaliyofuata ni ya karatasi, na inafaa kila mke wa mkimbiaji ayajue mapema. Akaunti ya biashara ilikuwa na watia saini wawili, mume na mke, kwa hiyo ununuzi haukusimama. Asiye na wosia, mali yake haiguswi kihalali mpaka familia ipate cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Mkabidhi Mkuu wa Serikali kisha barua za usimamizi kutoka mahakamani. Kwa sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022, mjane au mgane hupata asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya makazi ni suala lake peke yake. Mjane anayeishi humo hafukuzwi kwa hesabu hizo. Afande aliacha wosia wa ukurasa mmoja, mashahidi wawili ambao si warithi, nakala moja benki. Mashamba yalitajwa kwa mipaka, na mtaji wa kahawa ukatajwa kuwa haugawanywi kwa misimu mitatu. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilicholiokoa ghala. Mtaji wa milioni 20 ukigawanywa kwa warithi tisa ni pikipiki na mazishi mengine.

Mjane amebadilisha jambo moja, na sisi tuliozoea mtindo wa Afande bado tunabishana nalo. Hanunui tena pachimenti ya unyevu wa 16 na 18. Amenunua mashine kubwa ya kumenyea, anapokea kahawa mbivu kabla ya saa kumi jioni, anaondoa zinazoelea kwenye pipa, anamenya usiku huohuo na kukausha kwenye meza zake mwenyewe kwa siku 10 hadi 14, tabaka lisizidi sentimita tatu siku za mwanzo, akifunika jua la saa sita na mvua. Ubora umepanda na wanunuzi wa Kampala wanaongeza bei. Upande wa pili, kilo 1,000 za mbivu zinampa kilo 200 tu za pachimenti, pesa inakaa kwenye meza wiki mbili badala ya kuzunguka kila siku tano, na maji ya kuoshea lazima yaingie shimoni, yasifike kijito ambacho watu wa chini wanakunywa. Kwa mizunguko saba au minane kwa msimu badala ya 18, faida ya kila kilo ya pachimenti inabidi ipite shilingi 600 ndio afikie ya mumewe. Msimu uliopita, kwa daftari lake, ilikuwa 580.